Nilivyomchoma Mzee Amerika

Nianze na upumbavu wenyewe, usije ukaniona mwema halafu ukasikitika mbele. Sikukuu ya Idi ya kuchinja, mwaka 2017, nikiwa gredi ya kumi, nilipanda juu ya kreti ya soda uani kwetu Observatory, Johannesburg, nikawachekesha watu wote waliokuwepo kwa kumkejeli mzee mmoja mpangaji wetu, na katikati ya kejeli hizo nikaingiza moja ambayo haikuwa yangu. Niliisikia jikoni, nikaiiba, nikaipiga pasi, nikaivaa. Waliocheka ni walewale waliokuja siku ile kuamua kama mzee yule akifa watamwosha na kumzika wao, au aachiwe yeyote atakayemkuta. Na mimi nilijua wamekuja kwa hilo. Hapo ndipo upumbavu ulipo. Asiyejua anasamehewa, anaitwa mtoto. Mimi nilijua, na bado nikaona kicheko ni kizuri mno kukiacha.

Wiki iliyopita Papa Dédé alirudi kutoka kupeleka suti ya mteja kusini mwa jiji, akasimama mlangoni na futi yake ya kupimia ikining'inia shingoni, akasema, "Mama Shabani, ile muzee amekufa. Kule Turffontein, karibu na kiwanja ya farasi. Bale ba-Malawi ba musikiti ya kule bamemuzika muzuri, na dua yote." Papa Dédé ni fundi cherehani wa Lubumbashi, Mkristo wa kukesha kanisani, anayeishi chumba cha mbele tangu mimi sijaota jino, na hata yeye neno "dua" alilitamka taratibu kama mtu anayebeba glasi zilizojaa. Mama alizima jiko. Hakuna aliyenitazama. Nimetazamwa sana maishani mwangu, na walimu, na walinzi wa maduka, na akina mama wa msikitini, kwa hiyo najua kabisa watu wanapojizuia kunitazama. Sasa niko darasa la mwisho, nina ndevu zangu chache ninazozijua moja moja, na shuleni wananiita kila sherehe niwachekeshe. Wakinipigia makofi huwa nasikiliza kama kuna mtu nyuma anayepiga kijiko. Hayupo. Ndiyo maana naandika.

Mzee alikuja mwezi wa kwanza wa mwaka ule wa 2017, jua linawaka, na sanduku moja la ngozi lililofungwa kwa mkanda wa suruali. Chumba chake kilikuwa kile cha nyuma, chenye paa la bati, walichojenga wenye nyumba wa zamani ili mfanyakazi wao alale mbali kidogo na usingizi wao. Mama alikuwa anauliza wapangaji maswali mawili tu: wewe ni mtu wa wapi, na unavuta sigara? Mzee akajibu kwamba ni mtu wa Tabora, kule inakotoka asali, na sigara aliacha Amerika. Mimi nikadaka neno Amerika; Mama akadaka Tabora. "Tabora? Mnyamwezi?" "Mnyamwezi." Mama akapiga kofi la furaha. "Basi tua sanduku, mtani, umefika pwani! Nyinyi msipoambiwa mtue mnaweza kuzunguka na mzigo mpaka kesho." Mama ni Mzaramo wa Dar es Salaam, na kwa msiojua, Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara ya kwenda pwani. Mtani wako anaweza kumtukana bibi yako, akachukua kuku wako, akajilaza kaburini mwa marehemu wenu akidai nafasi ni yake, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Wajibu wako ni mmoja: kumrudishia, tena kwa nguvu zaidi. Mzee alitua sanduku, akatabasamu, akasema, "Asante, dada."

Sikulitilia maanani jibu lile. Nilikuwa nimeshaanza kumshuku kwa sababu nyingine, na mwaka ule kushuku ilikuwa ndiyo kazi ya kila mtu. Mtaa wa chini yetu maofisa wa uhamiaji walikuwa wamevamia nyumba moja asubuhi, wakachukua watu na taulo zao mabegani, na kila mtu aliamini yupo aliyeonyesha kidole. Nani? Hapo ndipo palipokuwa na utamu na sumu. Muuza spaza, kile kiduka cha mtaani, alishukiwa kwa sababu hakuchukuliwa. Kinyozi alishukiwa kwa sababu alichukuliwa akarudi mapema. Ukimuuliza mtu anafanya kazi wapi, alikujibu kwa kukuuliza kwa nini unauliza. Mama mdogo Tatu, mdogo wake Mama, aliyekuwa akija kila Jumamosi kusuka nywele za wateja sebuleni kwetu, alisuka kichwa kizima cha mteja bila kumwambia hata jina lake. Ndani ya ukimya huo akaingia mzee mmoja mwenye maneno mengi kuliko redio. Nikasema moyoni: eish, huyu ama ni mwongo ama ni mpelelezi, na mimi nitajua ni kipi kabla ya mwaka kuisha.

Maneno yenyewe yalikuwa ya Amerika. Alisema alitoka Dar kwa meli akiwa kijana, akashuka New York, na meli ikaondoka bila yeye. Aliosha sahani katika klabu ya muziki wa jazi, hadi siku mpiga ngoma alipolewa na mzee akakalishwa kwenye kiti chake kwa sababu tu alikuwa amesimama karibu. Tukiwa tunakula ugali na mchicha, yeye alitupeleka huko: vyumba vya nyuma ya jukwaa vyenye harufu ya pomada na kuku wa kukaanga, wapiga tarumbeta waliolala mchana na viatu, waigizaji weusi ambao kwenye filamu walipewa kazi moja tu, kubeba sinia na kufungulia watu mlango, halafu jioni wakaja klabuni kwa magari marefu kuliko ya matajiri waliowafungulia. Alitueleza habari za wachekeshaji wa zamani zaidi, weusi kama mimi na wewe, waliolazimika kujipaka masizi usoni ndipo waruhusiwe kuchekesha, kana kwamba Mungu alikuwa hajamaliza kazi. "Na jukwaani wakawachekesha walewale waliowapaka," alisema. "Nilimjua mmoja, mzee sana. Alikuwa anajifuta uso hata siku ambazo hakupaka kitu." Na alipenda kueleza habari za kadi. Kabla hajafika yeye, alisema, mwanamuziki wa mji ule hakuweza kupiga klabu yoyote ya pombe bila kadi ya polisi yenye alama za vidole. Ukikamatwa kwa lolote, kadi inachukuliwa, na hata uwe unapiga piano mpaka viti vinalia, mji wako mwenyewe unakufungia milango. "Mtu yuleyule, vidole vilevile," alisema huku akivitazama vyake. Nilidhani anatafuta chumvi. Nikamsogezea.

Nilimkamata, au nilidhani nimemkamata, mwezi wa tatu. Hadithi zake zilikuwa zinahama: jino la dhahabu la mpiga saksafoni lilikuwa juu Jumatatu na chini Alhamisi. Nikatega. Nikamwambia, "Mzee, nimesoma kwenye simu kuhusu mpiga tarumbeta mmoja mkubwa wa zama zako, Raleigh Rockey. Ulimjua?" Raleigh na Rockey ni barabara mbili za Yeoville, zinaungana palepale tunaponunua mikate, hata mtoto wa chekechea wa mtaa wetu angecheka. Mzee akaweka kijiko chini, akafumba macho. "Raleigh! Masikini Raleigh. Mfupi, mpana. Alipiga vizuri lakini daima amejaa watu, huwezi kupita. Upande mmoja walimwita Raleigh, ukisogea kidogo tu wanamwita Rockey. Na Jumamosi alinuka samaki." Papa Dédé alicheka hadi akatoka nje. Mimi nikashika adabu, nikamuuliza kwa nini alikubali hali akijua ni mtego. Akaniambia, "Mwenzio jukwaani akikurushia kitu, hata kama ni uongo, hata kama ni jiwe, unadaka. Ukisema 'hapana, hakuna mtu kama huyo', mmekufa wote wawili. Uliuliza vizuri. Ningekuachaje peke yako pale?"

Tangu siku ile nikawa mwanafunzi wake, mwanafunzi mwenye shaka, aina mbaya kuliko zote. Baada ya shule nilimkuta jikoni, sufuria ya Mama imegeuzwa kichwa chini, vijiko viwili mkononi. Kazi ya mpiga ngoma wa klabu, alisema, si kupiga ngoma. Ni kumdaka mchekeshaji anapoanguka. Mzaha ukifika mwisho, kuna nafasi ndogo kama ya kupepesa jicho ambapo watu hawajaamua kama wamefurahi. Ngoma inaingia hapo: du-du-tsaa. Inawaambia, mmefurahi. Ukichelewa, mchekeshaji anabaki peke yake kama mtu aliyevuliwa shuka. Akanisimamisha mbele ya friji niseme mizaha yangu, na mingi ilikuwa mibaya, na yeye alidaka yote. "Subiri," aliniambia kila mara. "Una haraka kama mwizi. Kabla ya neno la mwisho, subiri. Waache wasogee wenyewe." Mama akiingia alichukua sufuria yake na kumwambia, "Mnyamwezi wewe, babu yako alibeba pembe za ndovu kutoka Tabora hadi Bagamoyo, wewe hata sahani yako kuifikisha kwenye sinki imekushinda?" Alisema kwa sauti ya kufika mtaa wa pili, dirisha liko wazi. Mzee akacheka, akasema, "Kweli dada, samahani," akaosha sahani.

Siku moja ya Jumamosi mchana akanipeleka Newtown, ambako vijana walikuwa wamewekewa jukwaa karibu na soko la vinyago. Kijana mmoja wa Soweto alikuwa anachekesha, na alikuwa anakufa. Unajua mtu anavyokufa jukwaani? Anaanza kujicheka mwenyewe. Watu walikuwa wameshageukia chipsi zao. Mzee alichukua vijiko viwili vya mezani na sinia la bati la muuza vinywaji, akavuta kiti, akakaa mbali kabisa, pembeni, na mzaha uliofuata ulipofika mwisho: du-du-tsaa. Kijana akashtuka. Watu wakacheka, nadhani kwa mshtuko. Wa pili, tena. Kufikia wa tatu yule kijana alishaanza kumsubiri mzee, mabega yameshuka, anapumua, na umati umemgeukia kama mimea inavyogeukia jua. Alimaliza kwa makofi. Alipokuja kutafuta aliyemwokoa, mzee alikuwa ameshamrudishia muuza vinywaji sinia lake na tunaondoka. Sikuweza tena kushuku Amerika. Kitu kile hujifunzi kwenye simu. Lakini nilikuwa nimezoea kushuku, na shaka ni kama ulimi kwenye jino bovu. Nikajiambia: kama Amerika ni kweli, basi uongo uko kwingine. Mtu mwenye hadithi laini hivi hawezi kukosa mahali palipochanika.

Na kweli kulikuwa na jambo alilolitaka, ambalo liliniongezea shaka. Watanzania wa Johannesburg tuna chama cha kuzikana. Ukiwa mwanachama, ukifa kuna watu wa kukuosha, kukuombea, na kusimama kaburini wakijua jina lako. Masharti ni uwe Mtanzania, na mwanachama anayejua asili yako akusimamie. Jioni moja, jua halijazama, mzee alikuja mlangoni mwa jikoni, kofia mkononi, akamwambia Mama, "Dada, mimi sitaki kusafirishwa popote. Huko hakuna anayenisubiri. Nataka tu watu wa kuniosha. Nimeona wanaume wakubwa Amerika, majina yao yameandikwa kwa taa milangoni, wamekufa chumba cha hoteli na mlango umevunjwa na mfagiaji." Mama akajibu bila kugeuka kutoka kwenye vitunguu vyake: "Nitakusimamia mimi. Nani atakataa kumzika Mnyamwezi aliyeletwa na Mzaramo? Sisi ndio wenye haki ya kufurahi mkifa." Mzee akasema asante. Daima asante. Baada ya hapo, kila alipokuja mgeni wa Kitanzania nyumbani, Mama alizidisha: mbebaji wewe, mla viazi wewe, mmetembea miguu mpaka nyayo zimesahau kukua. Mgeni anacheka, anamtazama mzee kwa upole, anasema, "Kumbe una mtani wako hapa!" Mimi nilitazama mdomo wa mzee tu. Mnyamwezi wa kweli angeshamkalia Mama kwenye kiti chake, angeshamuuliza kama Wazaramo wameamka au bado wanacheza ngoma ya juzi. Huyu aliomba radhi.

Wiki moja kabla ya Idi nilisimama kwenye ukumbi nikifunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka. Jikoni walikuwa Mama na Mama mdogo Tatu. Tatu alisema, "Dada, yule si Mnyamwezi. Mnyamwezi gani unamtukania babu yake anakujibu samahani?" Na Mama, kwa sauti ya chini nisiyoizoea: "Najua. Nimejua tangu mwezi ule aliokuja. Yule si mtani wangu kabisa." Halafu cherehani ya Papa Dédé ikaanza kunguruma chumba cha pili, na mengine sikuyasikia, wala sikuhitaji. Nilikuwa nimepata palipochanika. Nilitembea hadi shuleni kama mtu mwenye almasi mdomoni.

Wazo la kumchoma lilikuwa la mzee mwenyewe, na hili naliapia. Alikuwa ametueleza kwamba wachekeshaji wa Amerika wakitaka kumheshimu mtu, wanamkalisha meza kuu, wanakula, halafu mmoja mmoja anasimama kumtukana hadi machozi. Wanaita kumchoma. Asiyechomwa bado si mwenzao. "Kumbe utani!" nilisema, na yeye akasema, "Kumbe." Idi ilipokaribia na ikajulikana kwamba Mwenyekiti wa chama na wazee wenzake watakula kwetu ili wamtazame mgombea, mzee akaniambia, "Nichome siku hiyo. Wakicheka pamoja nami, nimeingia. Lakini sheria ni hii: unamchoma mtu kwa kile anachokivaa nje, kipara, kitambi, majigambo. Anachokificha ndani ya shati hukigusi. Na anayechomwa ndiye anayesema mwisho." Nikamwambia, "Sharp, Mzee." Sharp, yaani nimeelewa! Ningejing'ata ulimi.

Siku yenyewe jua lilikuwa la mwisho wa kipupwe cha huku, kali usoni na baridi mgongoni. Mama alikuwa amepika pilau, Papa Dédé ameleta sombe, kisamvu cha kwao, kwenye bakuli la plastiki na kushona vitambaa vya meza kutoka mabaki ya suti. Mbuzi alikuwa anachomwa pembeni. Mwenyekiti, bwana mnene mwenye sauti ya msibani hata akiomba chumvi, alikaa katikati. Mzee alikaa kulia kwake, kanzu imepigwa pasi, na mapajani ameweka sinia na vijiko viwili, maana alisema hataniacha nianguke hata nikiwa ninamchoma yeye. Nikapanda kreti. "Mzee Amerika alikwenda ng'ambo akakaa miaka mingi. Wenzake walirudi na magari. Yeye karudi na vijiko." Du-du-tsaa. "Anasema alipiga ngoma nyuma ya wachekeshaji wakubwa. Nyuma sana. Nyuma ya ukuta. Alikuwa jengo la jirani." Du-du-tsaa. Mwenyekiti anatikisika kitambi. "Mvua ikinyesha chumbani kwake anapiga jazi na paa linalovuja. Paa ndilo kiongozi wa bendi." Du-du-tsaa. Wanacheka, mzee anacheka, ananidaka kila niangukapo, na mimi ndani yangu naona siwezi kuanguka tena maishani. Nikawa nimebakiwa na mzaha mmoja mzuri kuhusu kofia yake. Nikauacha. "Harlem," nikasema, "Mzee anaijua mtaa kwa mtaa, mlango kwa mlango. Lakini Tabora..." Nikasubiri. Nilisubiri kama alivyonifundisha, nikawaacha wasogee wenyewe. "Tabora ameiona kwenye chupa ya asali!"

Ua mzima ulilipuka. Mtu alimwaga soda. Sikumtazama yeyote wa nyumbani. Mchekeshaji anatazama wageni. Nilichosikia ndani ya kelele zile ni kwamba vijiko havikulia. Nilipogeuka, mzee alikuwa ameviinua, vyote viwili, viko hewani juu ya sinia, na macho yake yako mbali nami. Kicheko kikaisha vipande vipande. Mwenyekiti akafuta mdomo, akauliza kwa upole unaotisha kuliko ukali, "Hivi Mzee, Tabora kwenu ni sehemu gani? Hatukuwahi kuulizana." Mzee akaweka vijiko chini taratibu, akasimama. Alikuwa na haki ya neno la mwisho, na alilitumia. Alinianza mimi: "Kijana huyu atafika mbali. Walimu wake wote wanaomba hivyo, afike mbali." Papa Dédé: "Fundi alinishonea suruali. Mguu mmoja umeshafika Lubumbashi, mwingine bado uko Joburg kwenye taa za robot, unasubiri kuvuka." Mwenyekiti mwenyewe: "Na huyu anapenda kuzika kwa sababu maiti ndiye mtu pekee asiyekatiza hotuba yake." Walicheka tena, hata Mwenyekiti, na nikaanza kupumua. Kisha akamgeukia Mama. Kila Mtanzania pale alijiweka sawa kitini, maana sasa ilikuwa zamu ya Mnyamwezi kumpiga Mzaramo, na tusi moja tu zuri, la ngoma, la uvivu, la nazi, lingefuta swali la Mwenyekiti kama mkono unavyofuta makombo. Alimtazama Mama. "Na wewe, dada yangu," akasema, "nakushukuru. Umenistiri." Akakaa. Hakuna Mnyamwezi duniani anayemshukuru Mzaramo mbele za watu. Mwenyekiti aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyejibiwa. Wakaanza kuzungumza habari za mpira. Wakati wa kuaga akamwambia Mama kwamba chama kitakaa, kitatazama, na sote tulijua maana yake.

Alihama kabla ya Ijumaa. Nilimkuta anafunga sanduku kwa ule mkanda, na nilikuwa nimeandaa radhi yenye mzaha ndani yake, kwa sababu sikuwa na ya aina nyingine. Hakunipa nafasi. "Pale kabla ya asali," alisema, "ulisubiri vizuri sana. Wengi hawajui kusubiri." Aliongea kwa dhati, kama fundi anayemsifu fundi, na ningependa kuliko chochote angenipiga kofi. Papa Dédé alimbebea sanduku hadi kwenye teksi. Aliporudi alikaa kwenye cherehani bila kuikanyaga. "Miye nilimujua tangu siku ya kwanza," akaniambia. "Ni mutu ya inchi ya kwetu, ya kule Maniema. Ukisikia mutu analala na kuota, unajua kwao. Njo maana nilinyamaza. Mutu anaweza kuja kwangu na nguo ya ndani imepasuka, miye fundi naona. Lakini simuvue mbele ya batu, Shabani."

Yaliyofunikwa na cherehani yake siku ile nilielezwa na Mama mdogo Tatu, huku akinisuka kwa nguvu kuliko kichwa kinavyohitaji. Mzee alizaliwa Kasongo, hukohuko Maniema. Vita vilimvusha ziwa hadi upande wetu akiwa kijana. Familia moja ya Kinyamwezi ilimpokea, na kijana wao alipofariki wakampa jina lake, na kwa jina hilo akapata kitabu cha baharia, meli, Amerika, kurudishwa, pasi ya kusafiria, kila kitu. Yeye mwenyewe alimweleza Mama, na Mama peke yake, mwezi uleule wa kwanza, kwa sababu aliona haya kutukanwa kwa utani usio wake. Mama ndiye aliyemwambia anyamaze, atatukana kwa niaba ya wote wawili. Zile kelele zote za dirishani, mbebaji wewe, mla viazi wewe, zilikuwa paa alilomjengea. Mwaka ule wa kuonyeshana vidole, nani angemshuku mtu ambaye Mzaramo anamtukania babu yake kila siku asubuhi? Mimi niliyemshuku mchana na jioni kwa miezi minane sikuwahi kumshuku Mama.

Naye hakunigombeza. Hiyo ndiyo iliyonitesa. Nilikuwa na majibu ya kila karipio, nimeyapanga kama nguo za sikukuu, na karipio halikuja. Aliniwekea chakula, akaniuliza kuhusu mtihani, akafagia chumba cha nyuma mwenyewe. Hadi Jumapili moja mchana, yeye anaosha vyombo, mimi nafuta, nikashindwa. Nikasema, "Mama, huniambii kitu?" Akasuuza sahani aliyokuwa nayo, akaisimamisha, akakausha mikono yake yote miwili kwenye kanga.

"Ulichekesha, Shabani," akasema. "Mimi mwenyewe nilicheka, kabla sijaelewa umesema nini. Na yeye hakuwa anakutazama wewe. Alikuwa ananitazama mimi nikicheka."